Reli ya kukaushia mataulo: niliyoyajua mimi wa Mji wa Kale

Mombasa ukisema watafuta hita ya kuweka bafuni utachekwa kwanza, maswali baadaye. Na wana haki, joto tunalo mpaka la kuwagaia wengine. Ila mwenye nyumba ya kulaza wageni anajua kuwa masika yakishika, kuanzia mwezi wa nne kwenda mbele, kinachotusumbua ni unyevu: taulo waanika asubuhi, magharibi walikuta vilevile lina ubaridi ubaridi, kesho lishaanza ile harufu ya uvundo, walifua tena ndo kwanza lazidi kulowa, na jua lenyewe lachungulia kidogo larudi mawinguni. Sisi wenyewe twavumilia, mtu ajifuta na kikoi aenda zake. Mgeni aliyelipa hawezi kuvumilia na hana sababu ya kuvumilia.

Mimi nina vyumba vitatu vya wageni juu ya nyumba ya familia huku Mji wa Kale, zile nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, dari ya boriti, madirisha machache. Januari joto likichoma ni nyumba nzuri hakuna mfano, lakini masika ni balaa, ukuta wanyonya maji wakaa nayo. Mashine ya kukaushia nguo niliifikiria nikaiacha, yala stima, yataka pahali pake, na mgeni wa hapa aoga asubuhi, aoga akitoka pwani, aoga tena usiku, sasa utakuwa wamkaushia taulo saa ngapi na saa ngapi?

Aliyenitia wazo ni shemeji yangu, mume wa dadangu, waishi Leicester, Uingereza. Walikuwa wamekuja na watoto msimu wa mvua akaona mataulo yametandazwa kila kiti, akaniambia, "Shemeji, kule kila bafu lina reli ya joto, waanika taulo pale usiku, asubuhi kavu. Kwani hapa haziuzwi?" Nikamwambia hapa ukitaja hita watu wajua waenda kuhamia Limuru kwenye baridi. Mamangu alikuwa amekaa pembeni na uradi wake, akasema hilo si jambo jipya, wao walikuwa wakitandaza nguo juu ya kile kichanja cha fito cha kufukizia, chini chetezo na udi, nguo yatoka kavu na yanukia. Wallahi nilivyokuja kulielewa jambo lenyewe nikaona mama alikuwa ashalimaliza siku ile ile: moto mdogo, nguo imetandazwa, hewa yapita chini yatokea juu. Hayo mengine yote ni chuma na waya.

Sasa nilipoanza kutafuta nikaona kuna mambo mawili watu wachanganya. Uingereza nyumba nyingi zina boila moja inayopasha maji, maji yazunguka kwenye mabomba nyumba nzima yapita ndani ya radieta, vile vyuma vya kupashia vyumba, na ndani ya hiyo reli ya bafuni, ni maji yaleyale miaka nenda miaka rudi. Hiyo ndo reli ya maji. Ya pili ni ya stima, ina elementi ndani, yaani kile kipande cha kupasha moto, wachomeka basi. Sisi huku hatuna boila wala mabomba ya kuzunguka, kwa hivyo yetu ni ya stima, kwisha. Lakini kwenye vitu vya mitumba vya kontena utakuta reli nzuri zang'aa bei ya kutupa, na ukiangalia haina waya, ina matundu mawili ya nusu inchi chini na kimoja kidogo juu cha kutolea hewa. Hiyo ni ya maji, usije ukadanganywa eti "fundi ataiweka stima". Zipo zinazoweza kutiwa elementi, ndiyo, lakini utahitaji elementi yenyewe, na maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu, na uache nafasi ya hewa juu kwa sababu maji yakipata moto hutanuka na reli iliyojazwa mpaka pomoni itatafuta pa kupasukia.

Jirani yangu mmoja mwenye gesti alipata moja ya hizo za kontena, fundi wake akamwambia mambo rahisi, twaiunga kwenye bomba la maji moto ya sola, maji yapite humo kabla hayajafika kwenye shawa, umekausha taulo bure. Nilikwenda kuangalia na kwa macho ilikuwa kazi safi. Haikuchukua muda wageni wakaanza kuoga maji ya rangi ya chai. Sababu yake ni hii, zile reli za boila nyingi ni chuma cha kawaida kilichopakwa krome nje tu, ndani ni chuma kitupu, na hakioti kutu kule kwao kwa sababu maji hayabadilishwi, oksijeni iliyomo yaisha mapema na wameyatia dawa. Ukiyapitisha maji mapya kila siku, tena maji yetu haya ya kisima yenye chumvi, walisha kutu na kijiko. Kama ni lazima kupitisha maji ya kuoga basi reli yenyewe iwe stenlesi ama shaba nyeupe ndani na nje, na hiyo bei yake utarudi mwenyewe kwenye stima.

Hapo ndo nikajua swali la kwanza Mombasa ni madini, wati baadaye. Nyumba yetu na bahari ni pua na mdomo, bawaba za mlango zaliwa, skrubu zaliwa, friji yaliwa miguu. Reli ya krome juu ya chuma itaanza kutoa vipele pale ilipochomelewa na pale taulo linaposugua kila siku, na kutu ikishaingia chini ya krome hakuna cha kupaka, wangojea tu imenyeke. Halafu kuna jambo ambalo aliyeiunda hiyo reli hakulifikiria kabisa: mgeni atoka kuogelea Nyali na taulo lina maji ya bahari, alitundika juu ya chuma chenye joto la nyuzi 50 na kitu, maji yaondoka chumvi yabaki pale pale juu ya chuma, na kesho hivyo hivyo. Hata stenlesi nzuri yapata madoa ya kahawia kwa mwendo huo. Mimi nimeweka ndoo na kata mlangoni pa bafu na nawaambia wageni mataulo ya pwani yasuuzwe kwanza, wengine wasikia wengine waitikia tu.

Stenlesi nazo zina daraja. Ile ya kawaida yaitwa 304, ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli 8, na ile ya 316 imeongezwa molibdenamu asilimia 2 mpaka 3, ndiyo itumikayo kwenye vyombo vya baharini kwa sababu yahimili chumvi. Ukipata 316 chukua, usiulize mara mbili. Ukikosa, 304 yafaa lakini uifute mara kwa mara na maji matamu.

Dukani nilikwenda na sumaku. Ilikuwa ya mlango wa kabati uliovunjika, nikaitia kwenye kipochi. Upande wa Mwembe Tayari niliingia hadiwea moja, kijana akanipokea kwa ile sauti, "Dadangu wataka hita? Mombasa hii? Kwani wewe waona baridi?" wenzake wote wakageuka. Nikamwambia nataka ya taulo, akanitolea moja ya rafu ya juu ina vumbi, akaapa kuwa ni stenlesi tupu. Nikaitoa sumaku. Ikanata pa! Nikaisogeza bomba la pili, pa. Yule kijana akacheka akasema "aah, hiyo ni stenlesi ya nguvu." Jamani, stenlesi hizo za 304 na 316 hazishiki sumaku, zikishika basi ni kidogo sana pale zilipokunjwa ama kuchomelewa, sumaku yateleza. Ikinata kwa nguvu bomba zima ni chuma kilichopakwa, ama ni ile stenlesi ya bei nafuu isiyo na nikeli ambayo hapa pwani haimalizi safari. Ila sumaku haitakwambia kama ni 304 ama 316, hapo waangalia karatasi ya kiwandani, na aluminiamu nayo haishiki sumaku, hiyo utaijua kwa wepesi wake mkononi.

Mwisho ni shemeji aliyenunua kule akaja nazo kwenye mzigo, mbili, na hapo kuna wepesi mmoja: volti zetu ni 240 na plagi yetu ni ile ile ya miguu mitatu ya mraba ya Uingereza, kwa hivyo hakuna kubadilisha kitu.

Lakini kabla hajanunua tulibishana kwenye simu wiki nzima kuhusu ukubwa. Yeye alikuwa anipigia hesabu ya BTU, kipimo chao cha joto, upana wa chumba mara urefu mara kimo, akaniambia bafu langu lataka reli ya wati 400. (Ukikutana na BTU kwenye maboksi, wati 1 ni kama BTU 3.41 kwa saa, gawanya tu.) Nikamwambia shemeji hesabu hiyo ni ya kupasha chumba, mimi chumba changu kishapashwa na Mola, mimi nataka taulo likauke. Wati 400 ndani ya bafu la Mji wa Kale mgeni ataoga atoke ana jasho kuliko alivyoingia.

Nikachukua mizani ya jikoni nikapima. Taulo letu kubwa likiwa kavu lilikuwa na gramu 600 hivi, likitoka kwa mgeni limeongeza kama 200. Basi kazi ya reli ni kuondoa gramu 200 za maji. Kugeuza maji kuwa mvuke kwataka nguvu ile ile hata ufanyeje, ni kama wati 67 kwa saa moja kwa kila gramu 100, kwa hivyo taulo moja lataka kama wati 135 kwa saa moja, ama wati 34 kwa saa nne. Tuseme nusu ya joto yapotea ukutani na hewani, basi reli ya wati 70 au 80 ikiwaka saa nne tano imemaliza kazi ya taulo moja na cha juu kimebaki. Mataulo mawili iwashe muda zaidi, huna haja ya reli kubwa. Kwa pesa, wati 80 kwa saa tano ni yuniti 0.4, na mimi nikipiga hesabu za tokeni nachukua shilingi 30 kwa yuniti moja nisijidanganye, ni shilingi 12 kwa siku, 360 kwa mwezi kwa chumba kimoja, na ni miezi ya mvua tu, Disemba kaskazi ikivuma nazizima zote, kamba ya juu ya paa yatosha. Linganisha na shawa ya kupasha maji papo hapo, zile nyingi ni za wati 5,000 na zaidi, dakika 10 tu za kuoga zimekula karibu yuniti nzima. Kwa hivyo anayeniambia reli yamaliza stima namuuliza kwanza aoga vipi.

Kuna za kavu na za majimaji. Ya kavu ina waya wa kupasha unaopita ndani ya bomba, yapata moto upesi, yapoa upesi. Ya majimaji ina elementi chini na ndani imejazwa maji ya dawa, yachukua nusu saa ama zaidi kushika moto lakini ukiizima yabaki na joto kitambo. Wengine wasifu ya majimaji, na kwa mtu wa Uingereza nakubali. Kwangu mimi kavu ndo bora kwa bafu dogo, nyepesi kwa ukuta, hakuna cha kuvuja, ila ikiungua waya wake wa ndani wanunua reli nyingine, huwezi kubadilisha. Ile ya majimaji wabadilisha elementi. Shemeji alileta moja ya kila aina kwa sababu dadangu alichoka kutusikiliza.

Jambo lingine ambalo picha hazikuonyeshi ni nafasi kati ya bomba na bomba. Zipo reli zina mabomba mengi yamebanana, zapendeza, lakini taulo halipiti, mtu ailazimisha taulo lote juu ya bomba la juu limekunjwa mara nne na hapo katikati halikauki hata iwake mpaka asubuhi. Mimi nataka mabomba machache yaliyoachana, mkono wangu ukiwa umeshika taulo upite bila kukwaruza. Taulo litandazwe mkunjo mmoja tu. Nimewabandikia wageni karatasi, na kama kuna watu wa familia naeka vijiti viwili vya ziada ukuta wa pili, wapeane zamu.

Sasa ukuta. Wenye nyumba za tofali na simiti rukeni hapa. Mawe ya matumbawe fundi akiweka drili yaingia yenyewe, unga mweupe wamwagika mpaka waogopa, mara akutana na jiwe gumu, mara akutana na shimo tupu, na zile plagi za plastiki zazunguka hazishiki. Reli yenyewe si nzito, lakini taulo lililolowa lina uzito, na la kuogopesha zaidi ni binadamu: mtu akiteleza bafuni atashika kitu cha kwanza kilicho mbele yake, na kitu chenyewe ni hicho chenye waya wa stima. Kwa hivyo tulifanya hivi, ubao wa mvule wa upana wa mkono umepigwa ukutani kwa skrubu ndefu sehemu nyingi, kila shimo limetiwa gundi ya kemikali ya kushikia bolti, ukikosa jiwe hapa utalipata pale, halafu reli ikafungwa kwenye ubao. Skrubu zote stenlesi, kwa sababu nishaona reli ya pesa nyingi imeanguka kwa skrubu ya shilingi kumi. Na karibu na shawa nikaweka kishikio cha kweli cha mtu kujishikia, ili reli wasiiguse.

Stima ndo sehemu ya kutochezea. Bafu zetu za zamani hazina beseni la shawa, sakafu yote ni shawa, maji yaruka kila pembe, tena kuna ule mpira wa kuchambia ambao mtoto akiushika atalowesha mpaka dari. Kanuni za waya za Uingereza, ndizo zilizoandikwa kwenye karatasi ya reli, zasema shawa isiyo na beseni hesabu mita 1.2 kutoka pale maji yatokapo, ndani ya hapo ni eneo la hatari zaidi. Kwenye beseni la kuogea ni sentimita 60 kutoka ukingo ndo eneo la pili, na kifaa kiwe angalau IPX4, yaani kimestahimili kurushiwa maji. Sisi tulipima, reli ikaenda ukuta wa mlangoni ulio mbali na shawa, na hata hapo nilitaka yenye IPX5 kwa sababu ya huo mpira. Swichi iko nje ya bafu, yenye fyuzi ya ampea 3, wati 80 zavuta thuluthi ya ampea tu, fyuzi ya 13 ya nini? Na sokti usiweke bafuni hata ukiambiwa ina kifuniko.

Fundi wa stima tuliyemwita, mzee wa makamo, kabla hajatoa hata bisibisi alipima waya wa ethi. Nyumba kuukuu nyingi hapa ule waya wa tatu umefika kwenye sokti kwa jina tu, huku mwisho haujazikwa popote. Akaniambia, "Mama, chuma hiki mtu atakishika na mkono uliolowa, miguu iko majini. Ethi kwanza, urembo baadaye." Tukazika ethi mpya uani, akaweka na ile breka ya kukata stima ikivuja, ya miliampea 30, ile yenye kitufe kidogo cha T ambacho wakibonyeza kuijaribu. Aliniambia niibonyeze kila mwezi na mimi naibonyeza. Gharama ya hapo ilizidi bei ya reli yenyewe, na siijutii hata senti. Fundi wa stima akija kwako akaenda moja kwa moja kutoboa bila kupima, mpe chai umuage.

Halafu mambo ya vitufe. Zile za kisasa zina kioo cha kugusa, taima, taa ya buluu, zingine zaongea na simu. Stima yetu yapotea yarudi, na ikirudi wakati mwingine yarudi na kishindo, zile elektroniki ndogo za ndani ndizo zinazokufa mwanzo. Tena nyingi zikikatikiwa na stima zasahau saa, ikirudi zakaa zimezima mpaka mtu aende akaziwashe, na mgeni hatajua, asubuhi taulo bichi. Mimi nilichukua ya swichi ya kawaida tu, taima nikaweka ile ya kuzungusha kwa mkono nje ya mlango, mgeni azungusha mpaka saa nne yajizima yenyewe.

Nimeacha hewa mwisho na pengine ningeanza nayo. Maji yakitoka kwenye taulo hayapotei, yahamia hewani, na bafu likiwa limefungwa yatapanda juu yakae kwenye boriti, na huko yatafanya vile vidoti vyeusi vya ukungu ambavyo wavijua. Kuna gesti nimeona wameweka reli nzuri, mataulo makavu, dari nyeusi. Lazima hewa iwe na pa kutokea. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, huwezi kutoboa ukuta wa mbele utakavyo, kwa hivyo feni yetu ya kutolea hewa, ndogo ya inchi nne, imetobolewa upande wa ua wa ndani, na mlango wa bafu chini umeachwa uwazi wa vidole viwili hewa iingie. Watu waniuliza, sasa mwezi wa tano si hiyo hewa ya nje nayo imejaa maji, wabadilishana nini? Sikia. Hewa ikipata joto nafasi ya kubeba maji yaongezeka. Hewa ya nyuzi 26 yenye unyevu wa asilimia 85 ukiipasha ifike 31 unyevu wake washuka mpaka kama 64, na hujatoa hata tone. Hewa iliyogusana na taulo lenye joto yabeba maji, feni yaitoa, nyingine yaingia. Ukiwa na reli bila feni umefanya nusu ya kazi. Na feni bila reli, nikiwa mkweli, yafanya zaidi kuliko reli bila feni, kwa hivyo mwenye pesa ya kitu kimoja aanze na feni.

Na mataulo yenyewe. Wageni wapenda taulo nene la hoteli, lile la gramu 600 kwa mita mraba, lakini nene lanywa maji mengi na ndani halipitishi hewa. Mimi nimeshuka kwenye 400, na kwa kwenda pwani nawapa kikoi, pamba ya kufumwa bapa, wakitikisa kidogo tu kiko njiani kukauka, na mchanga haushikani nacho. Wazungu wakishakizoea waulizia pa kununua, nawapeleka Biashara Street. Sabuni nayo tumia kidogo, na ile ya kulainisha nguo wacha kabisa, yaacha mafuta kwenye nyuzi taulo halinyonyi, lakaa na uvundo ndani.

Chumba cha tatu sikukiwekea reli. Kile dirisha lake laangalia maji, kusi ikivuma yaingia yatokea mlangoni, taulo lakauka lenyewe hata siku ya mawingu, na hapo kamba ya nailoni ya ukutani yatosha. Kama waishi ghorofa Nyali ama Bamburi una roshani yenye upepo, usinunue hii kitu, pesa zako weka pengine. Hii ni ya mabafu ya ndani yasiyo na dirisha, ya nyumba za chini, na ya sisi wa kuta za matumbawe.

Shemeji yuaja mwezi wa nane, nimemwagiza elementi ya akiba ya ile reli ya majimaji. Nimempigia picha ya nati pamoja na rula pembeni, ni nusu inchi, na nimemwandikia wati 80 kwa herufi kubwa, manake namjua, atasema 150 zilikuwa kwenye ofa.